Muhula wa Amana

Lipo swali kongwe katika elimu ya maadili ambalo wasimamizi wa mitambo ya kompyuta wamelirithi pasipo kuliomba: je, uaminifu wa mtu waweza kuwekewa muhula, hata zikipita siku 90 uhesabiwe umechakaa, naye atakiwe kuuthibitisha upya kwa kubuni neno jingine la siri, ilhali hajakosa wala hajashukiwa?

Waliojibu kwamba yafaa hawakukosa hoja, kwani mwizi aliyelipata neno hilo aweza kulitumia miezi mingi bila kuhisiwa, na muhula ukifika hufungiwa mlango. Mwongozo alioutunga Bill Burr mwaka 2003, katika taasisi ya viwango ya Marekani iitwayo NIST, uliieneza desturi hiyo mbali. Lakini mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, walipochunguza akaunti zaidi ya 7,700 za watu waliolazimishwa kubadili, waliona kwamba mwenye kulijua neno la zamani aliweza kulibashiri jipya kwa sekunde chache katika takriban asilimia 41, kwa kuwa wengi hugeuza herufi au tarakimu moja tu, wakaendelea na shughuli zao. Mwaka 2017 NIST yenyewe ikaiacha kanuni hiyo, ikaagiza neno libadilishwe penye dalili ya kuvuja, naye Burr akasema hadharani kwamba mengi ya aliyoyaandika anayajutia.

Sheikh na padri wasingestaajabu, maana wote wawili hufundisha kwamba tendo lisilo na nia ni ganda tupu. Na mtu anayeamrishwa na kalenda hutoa utii wa nje, moyo ukabaki pale pale.

Basi amana ilindwe vipi? Katika soko la Mudaka, kama katika masoko mengi ya Kivu, mzee asiyejua kusoma aweza kumtajia wakala wa M-Pesa tarakimu zake za siri ili amtolee fedha alizotumiwa na mwanawe. Hapana aibu katika imani hiyo, ila humtwika wakala mzigo usio wake: fedha zikipotea, hata akiwa mwadilifu, hana namna ya kujitakasa. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson, wa maabara za Bell, walieleza njia yenye adabu zaidi, ambayo mtambo haulihifadhi neno lenyewe bali alama itokanayo nalo, isiyorudishika kuwa neno; hivyo msimamizi hulinda siri asiyoijua. Mwenye nguvu amejifunga mikono kwa hiari, na shaka imehama kutoka kwa raia, ikamwelekea mtawala.

Huko ndiko muhula unakostahili. Akaunti ya mfanyakazi aliyeondoka ifungwe siku ile ile, na idhini ya msimamizi kuingia kila chumba iwe na mwisho, iombwe tena kwa sababu iliyotajwa. Wakongomani, waliongoja uchaguzi hadi Desemba 2018 ilhali muhula wa rais ulikwisha Desemba 2016, hawahitaji kufafanuliwa jambo hili: kinachopaswa kuisha kwa tarehe ni mamlaka, na uaminifu uvunjwe na khiyana peke yake.