Karanga za Kongwa na Karatasi ya Ubaoni

Mwaka 1946 serikali ya Uingereza iliwatuma watu watatu kutafuta ardhi ya kulima karanga Afrika Mashariki. Kiongozi wao, John Wakefield, hakuwa mgeni; aliwahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Walizunguka wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi na hesabu iliyonyooka kama rula: ekari zaidi ya milioni 3, pauni zipatazo milioni 25, na mafuta tele kwa Waingereza waliochoshwa na mgao wa chakula. Ripoti ilitoka London Februari 1947. Haikuandikwa ili Mgogo wa Kongwa, katikati ya Tanganyika, aisome, ingawa shamba la kwanza lilikuwa lifunguliwe mlangoni kwake.

Angeisoma, angeuliza habari ya mvua. Ugogo kuna masika moja tu, Desemba hivi hadi Aprili, na mara nyingi huaga mapema. Wazee wa wakati ule walikuwa wameiona Mtunya, njaa iliyoipukutisha nchi yao mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Walilima uwele na mtama kwa sababu hiyo, na ng'ombe wao wakawakabidhi ndugu na marafiki wa mbali ili ukame usiwamalize wote kwa mpigo. Hizo nazo ni takwimu, ila zilitunzwa ghalani na zizini.

Yaliyofuata yanajulikana. Yaliletwa matrekta, mengine yameundwa kutokana na vifaru vya vita. Mibuyu ikagoma kung'oka, na nyuki waliokaa ndani yake wakawafukuza madereva. Udongo ndio uliomaliza kazi. Ukilowa unalimika, jua likiupiga unakuwa saruji: unakula meno ya jembe, na karanga iliyokomaa inabaki chini, huivuti. Huko London malengo bado yalitangazwa, yakapunguzwa, yakatangazwa tena. Wakaguzi walipofika kwenye hesabu walikuta vitabu havikutunzwa inavyopaswa. Januari 1951 mpango ulizikwa, na pauni zipatazo milioni 36 pamoja nao.

Watu husema Kongwa ilishindwa kwa ukame. Mimi naona ukame ulisingiziwa. Ulikuwepo siku zote na kila mwenyeji aliujua. Kilichokosekana ni namba kupita mbele ya macho ya mtu anayeishi kwenye ardhi ile, kabla namba haijawa amri.

Leo Tanzania tuna sheria. Ile ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 kumjibu mwananchi. Kijiji kinatakiwa kusoma mapato na matumizi kwenye mkutano mkuu, kila miezi mitatu. Lakini nchi hiihii ilijiunga na ushirikiano wa kimataifa wa serikali zilizo wazi mwaka 2011, ikajitoa 2017. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ikafanya kuchapisha namba za kupinga namba za serikali kuwa jinai, hadi ilipolegezwa 2019. Mlango wetu unafunguka na kufungwa kama wa duka la kijijini.

Na inawezekana namba kuanzia kwa mwenyeji, tumeona. Tandale, Dar es Salaam, mwaka 2011 wanafunzi wa chuo na wakazi walipita vichochoroni wakichora ramani ya mitaa yao: vyoo, visima, mitaro. Baadaye mradi wa Ramani Huria ukaipeleka kazi hiyo kata nyingi za jiji, hasa kwa ajili ya mafuriko. Mkazi ndiye aliyeonyesha maji yanapofika, kwa kuweka kiganja ukutani.

Sasa tuseme ni mkutano wa kijiji, mahali fulani njia ya Kibaigwa. Mtendaji anasoma haraka, jua limepanda: ukarabati wa darasa, posho, visima viwili. Karatasi itabandikwa ubaoni ofisini, iungue na jua hadi wino uwe rangi ya chai. Nyuma, chini ya mbuyu, bibi mmoja anasimama, anakung'uta khanga.

"Mwanangu mtendaji, hicho cha pili mmekichimba wapi? Maana mimi asubuhi hii nimechota kulekule korongoni."

Mtendaji anarudisha ukurasa nyuma, na safari hii anasoma polepole.