Kazi Yataka Uzoefu, Uzoefu Wataka Kazi

Tangazo la kazi linasema: uzoefu wa miaka mitatu. Kijana amehitimu juzi. Huo uzoefu aupate wapi, ikiwa kila ofisi inautaka kabla ya kumpokea?

Tumezoea kulaumu shule, na lawama nyingine ni za haki. Mwaka 1967, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alihimiza masomo yasitengwe na kazi. Leo bado wapo wanaojua kuchora saketi ubaoni ambao hawajawahi kufunga hata swichi. Mtaala mpya wa Tanzania umeweka mkondo wa amali sekondari. Hatua njema, ila karakana isiyo na vifaa ni darasa tu lenye jina lingine.

Lakini leo nasema na mwajiri. Unalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, kisha unaona wajibu wako umekwisha. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, imekuwa ikiendesha mafunzo ya uanagenzi: mwanafunzi hugawa muda wake kati ya chuo na kiwanda. Bila kiwanda kukubali, hakuna uanagenzi. Na kukubali si kumkabidhi ufagio na kumtuma chai, kama wanavyofanyiwa wengi wanaokwenda mafunzo kwa vitendo. Mpe fundi wa kumfuata, mpe mashine, mwache akosee mbele ya mtu anayejua.

Ndugu mwajiri, wiki hii kipigie simu chuo cha ufundi kilicho jirani nawe. Waambie una nafasi, hata ya wanafunzi wawili.