Dhambi Isiyo na Mwenyewe

Mzee mmoja wa Kwa Mrombo alitazama takataka zilizoziba mfereji, akatuuliza: “Mchungaji, kosa lililofanywa na wote ni la nani?” Hatukumjibu upesi. Leo twajaribu.

Katika kisiwa cha Pemba yuko popo mkubwa alaye matunda, asiyepatikana mahali pengine po pote duniani. Watu walimwinda kwa kitoweo. Misitu nayo ikakatwa, bunduki zikazidi, hata mwaka 1989 walioonekana walikuwa wachache mno. Mwaka 1996 alihesabiwa miongoni mwa wanyama walio karibu kabisa kutoweka.

Ni nani aliyewaangamiza? Kila mwindaji aliua wachache, akawalisha watoto wake. Hakuiba, wala hakumdhulumu jirani. Angaliweza kuapa kwamba si yeye aliyewamaliza, na kiapo chake kisingalikuwa cha uongo. Walakini popo walikuwa wakiisha. Haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba hukimaliza pia.

Labda mtu atasema: Torati yamhesabu popo kuwa najisi, basi hasara iko wapi? Lakini Nuhu aliagizwa kuwaingiza safinani hata wanyama wasio safi. Kutofaa kwa chakula si sababu ya kufutwa duniani. Tena popo huyu, alapo matunda, huzitawanya mbegu mbali, na miti huota pasipo mkulima.

Hapo ndipo tulipopata jibu. Mwindaji mmoja akiacha peke yake, mwenziwe atamla popo yule yule. Kwa hiyo watu wa Kidike na vijiji vingine walipatana pamoja kuacha kuwaua, na wageni wakaja kuwatazama kwa malipo. Kila mmoja aliacha kitoweo kilichokuwa halali yake. Hata mwaka 2008 popo walikwisha kuzidi 20,000, wakaondolewa katika daraja la hatari kuu, ingawa hawajawa salama kabisa.

Basi, mzee wetu, kosa la wote si kosa la hakuna mtu. Kila mtu analo fungu lake, hata likiwa dogo kama kikapu kimoja cha taka; na kama tulivyokosa pamoja, hatuna budi kutubu pamoja, kwa mapatano, siyo kwa kungojeana. Mvua ikishuka kutoka Meru haitauliza kikapu kilikuwa cha nani.