*DARSA YA RAMADHANI, SIKU YA 14: SHARIFU ALIYEHAMIA LANGONI*



Ndugu zangu wa Nangara, wazee wetu, mama zetu na vijana, saumu inaendeleaje? Leo naomba tumkumbuke mtu mmoja wa mji mdogo. Halafu nitawaeleza kwa nini nimemkumbuka yeye, maana nina deni.

Mtu huyu ni Sayyid Swaleh bin Alawy Jamalilleil. Watu wa pwani wanamwita Habib Swaleh. Asili yake Ngazija, visiwa vya Komoro, akaja Lamu angali kijana. Lamu ni mji mdogo, vichochoro vyake vyembamba, mzigo unabebwa na punda. Lakini zamani zile mji ule ulikuwa na matabaka makubwa. Mkomani walikaa wenye majumba ya mawe na nasaba zao. Langoni walikaa wageni, maskini na watu waliokuwa watumwa au watoto wa watumwa. Hao wa mwisho wengi hawakufundishwa dini ipasavyo. Walionekana wa kubeba mizigo tu.

Sasa tazama. Huyu alikuwa sharifu, wa ukoo wa Mtume ﷺ. Angetaka, angekaa na wakubwa, akabusiwa mkono, akapewa zulia la mbele. Yeye akaenda Langoni. Akawasomesha wale wale wasiosomeshwa. Utumwa katika pwani ya Kenya ulifutwa kisheria mwaka 1907, naye alikuwa ameshaanza kufundisha kabla ya hapo. Hakusubiri serikali imwambie kwamba hawa nao ni watu.

Na alikuwa na vipaji vingi. Mwalimu, tabibu wa dawa za miti, msomaji wa maulidi aliyewavuta watu kwa sauti na dufu. (Suala la maulidi wanazuoni wana kauli zao, leo si mada yetu, tusibishane humu kwenye kundi.) Wakubwa wa mji walimsema: anachanganyika na watu duni, anakaa kwenye ngoma zao. Hakuwaacha watu wake. Pale Langoni ukasimama Msikiti wa Riyadha, na wanafunzi wakaja kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Alifariki miaka ya 1930, na mpaka leo jina lake linatajwa.

Jamani, vipaji wengi tunavyo. Swali ni hili: kipaji chako kinamfikia nani? Kama elimu yangu inawafikia wenye kanzu zilizopigwa pasi tu, hiyo si elimu, ni pambo.

Sasa deni langu.

Wiki iliyopita, wakati wa Isha, kijana mmoja wa bodaboda alisimama safu ya kwanza. Ni Muislamu mpya, hana hata mwaka. Koti lake lilinuka petroli, katoka kazini moja kwa moja. Mtu mmoja akamshika bega, akamrudisha nyuma. Kijana akarudi kimya kimya. Mimi niliona. Niliona kwa macho yangu haya, na nikaashiria ikimiwe, tukasali. Nilijiambia nitasema baadaye. Baadaye sikusema.

Siku tatu hakuonekana. Jana nikamfuata kijiweni. Akaniambia, "Ustadhi, mimi nasali geto kwangu. Huko simnukii mtu."

Wallahi nilikosa la kusema. Mimi ninayewafundisha watoto wenu Suratu Abasa kila mwaka! Tunajua sababu ya kushuka kwake: Mtume ﷺ alikuwa anazungumza na wakubwa wa Makka, akaja kipofu, Ibn Ummi Maktum, anataka kufundishwa. Mtume akakunja uso, na Mola wake akamrekebisha. Kipofu hata hakuona uso ule. Kijana wetu yeye aliona kila kitu, na aliona pia kwamba imamu amenyamaza.

Nilimuomba msamaha. Akasema, "Yameisha, Ustadhi. Nitakuja." Jana usiku hakuja.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu, nami naanza na nafsi yangu.

1. Safu ya mbele ni ya aliyewahi. Awe mkulima wa mbaazi, mvuvi wa ziwani, mbeba mizigo wa sokoni, Mrangi, Mgorowa, Muiraqw au Mbarbaigi. Usafi tutausisitiza, na tutausisitiza kwa upole, wakati wake, si kwa kumshika mtu bega mbele ya watu.

2. Kuanzia Jumamosi hii, baada ya Alasiri, nitafungua darasa la watu wazima, alifu na bee, bure. Asione haya mtu. Mwenye juzuu ya ziada nyumbani ailete.

3. Leo baada ya Tarawehe, kila mmoja ampe mkono mtu asiyemjua jina, amuulize jina lake. Kisha alikumbuke.

Aliyemshika bega kijana yule, simtaji, na naomba asitajwe humu. Kosa lake na langu ni ndugu. Langu ni kubwa zaidi kwa sababu mimi ndiye niliyesimama mbele.

Ewe Mola, mrehemu Habib Swaleh na kila aliyewafundisha waliosahaulika. Tusamehe, na umrudishe ndugu yetu kwenye safu kabla Ramadhani haijaisha. Amin.

Futari njema. Tukutane Isha, inshaAllah.

Wabillahi tawfiq.