Nyama ya Kusaga na Uongo wa Mama

Jumamosi iliyopita nilipika makaroni na kima kwenye sufuria moja. Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, na kwake hicho si chakula kamili. Chakula kina pande mbili: kuna wali au ugali, halafu kuna mboga, na kila kimoja kina chombo chake. Nikimuuliza mbona pilau nayo ni sufuria moja, jibu lake ni kwamba pilau ni pilau.

Nieleze kwanza nilivyopika, kwa sababu ninachotaka kusema kimo humo humo sufuriani. Nusu kilo ya nyama ya ng'ombe, niliyoichagua buchani ikiwa kipande kizima, nikasimama pale mpaka ikamaliza kupita mashineni. (Kama humjui muuzaji usinunue iliyokwisha kusagwa. Mashine inaficha mengi: mafuta, mishipa, nyama ya juzi, vyote vikipita pale vinakuwa kitu kimoja.) Vitunguu viwili vikubwa, kitunguu saumu na tangawizi vya kutwanga, karoti ya kukwaruza, hoho, nyanya nne, kijiko cha nyanya ya kopo, bizari nyembamba na pilipili manga. Kitunguu kwanza, kisha nyama, bila maji. Hapa ndipo wengi tunapokosa subira. Nyama ya kusaga inatoa maji yake yenyewe, na ukiwahi kutia nyanya itachemka tu, itabaki ya kijivu na harufu ya bucha. Iache mpaka maji yakauke, ianze kushika chini na kulia. Ndipo nyanya ziingie. Zikiiva na mafuta yakajitenga, tia maji ya moto kama lita moja, chumvi, na makaroni mabichi gramu 400. Funika, moto wa wastani, koroga mara kwa mara, dakika 10 hadi 12. Makaroni yakichemshwa peke yake, wanga wake unamwagwa pamoja na maji. Yakipikwa ndani ya mchuzi wanga unabaki, na ndio unaoufanya mchuzi uwe mzito na kushika.

Basi, chakula kikaiva, nikashika upawa, nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilikuwa sina la kugawa. Yaani kila upawa ulitoka na nyama ile ile, kiasi kile kile. Sikuweza kumpendelea mtu hata ningetaka, na sikuweza kujinyima bila kuonekana.

Nyumbani kwetu, zamani, nyama ilikuwa na anwani. Tulikuwa wanane: baba, mama, bibi mzaa baba, kaka wawili na sisi wasichana watatu. Mama alikata nusu kilo kwa hesabu aliyokuwa nayo kichwani. Baba vitatu. Bibi viwili, vilivyo laini. Kaka zangu viwili viwili, sisi kimoja kimoja. Siku ya kuku mambo yalikuwa wazi zaidi, maana firigisi ni moja, na kila mtoto wa nchi hii anajua firigisi ni ya nani. Mama alipakua akiwa wa mwisho, na kwenye sahani yake kulikuwa na mchuzi. Tukimuuliza alisema, "Mimi nyama siipendi bwana, inaniingia menoni." Nilimwamini. Niliendelea kumwamini mpaka nikawa mtu mzima mwenye kazi na nyumba ya kupanga, hata nikawa nikienda Tanga sinunui nyama, nanunua samaki, nikijiona binti anayemjua mama yake.

John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu nadharia ya haki, anatoa mfano wa keki. Watu kadhaa wanataka kuigawana sawasawa, wafanyeje? Jibu lake ni kwamba mmoja aikate, kisha yeye mwenyewe achukue kipande cha mwisho. Kwa kuwa anajua atabakiwa na kile walichokiacha wenzake, atakata vipande sawa ili naye asipunjike. Ni mfano mzuri sana, na nilipousoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Mama alikuwa anatimiza masharti yote. Yeye ndiye mkataji, yeye ndiye wa mwisho. Na matokeo yake kila siku yalikuwa kwamba mkataji hapati kitu! Mfano wa Rawls unamtegemea mkataji anayeitaka keki. Ukimweka pale mtu aliyekwisha kujitoa kwenye hesabu kabla ya kushika kisu, utaratibu wote unabaki bila meno.

Swali lililonikalia kooni ni hili: je, alikuwa na haki ya kusema uongo ule? Immanuel Kant angesema hapana, bila kupepesa macho. Katika insha yake maarufu ya mwaka 1797 alikataa kabisa kwamba mtu anaweza kuwa na haki ya kudanganya kwa sababu ya wema, hata pale muuaji anapobisha hodi akimuulizia rafiki yako uliyemficha ndani. Kama muuaji mlangoni hatoshi kuhalalisha uongo, vipande vya nyama vitatoshaje? Lakini mtu mwingine atasema, na mimi kwa miaka mingi nilikuwa upande wake, kwamba huu si uongo hasa. Ni adabu. Ni kama mgeni anavyosema ameshiba wakati sufuria imebaki nusu. Kila mtu mzima anaelewa.

Ugumu ni kwamba sisi hatukuwa watu wazima. Sisi tulielewa neno kama lilivyosemwa.

Nina kaka ambaye mke wake, naye, hapendi nyama. Nilikwenda kwao siku moja mchana, tukakaa kula, shemeji akajipakulia mchuzi. Nikamuuliza. Kabla hajajibu, kaka akasema huku anatafuna, "Huyu kama mama tu, nyama hana habari nayo." Hakusema kwa ubaya. Kaka yangu si mtu mbaya, ada za watoto wa ndugu zetu analipa yeye. Ila alikuwa amekua akijua kwamba kuna aina ya watu, nao ni wanawake walioolewa, ambao miili yao haihitaji nyama. Shemeji alinitazama mara moja tu, akainamia sahani yake. Nadhani pale ndipo nilipoacha kuuita uongo wa mama adabu. Ulikuwa umezaa.

Amartya Sen, mchumi aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1998, ameandika sana juu ya hili. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba ndani ya familia watu hushirikiana na hugombania kwa wakati mmoja, na kwamba mwanamke aliyezoea kujihesabu kama familia nzima anaweza hata asiione hasara yake mwenyewe. Kutolalamika kwake si ushahidi kwamba mgawo ni wa haki. Naikubali. Na bado kuna kitu ndani yake kinanikera, kwa sababu kinamfanya mama aonekane kama mtu ambaye hakujua anafanya nini. Mama alijua mpaka kipande. Mwana Kupona naye, alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858 akimuusia namna ya kumtunza mume na kumwandalia chakula, hakuwa akiota. Alikuwa mgonjwa anayempa mtoto wake silaha anazozijua za kuishi katika nyumba za wakati ule. Unaweza kuukataa wosia bila kumdharau aliyeutoa.

Tatizo ni kwamba mimi mwenyewe nimeukataa kwa mdomo tu. Mwaka jana kazini walichelewesha mshahara, na kwa wiki kama tatu nilikuwa nikirudi nyumbani napika kidogo, napakulia watoto, nasema, "Kuleni, mimi nimeshakula kazini." Lilitoka lenyewe, sikulipanga. Binti yangu ana miaka tisa. Siku ya nne au ya tano akaweka kijiko chini, akaniuliza, "Mama, huko kazini kwenu wanapika kila siku?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kula, lakini polepole, na alipomaliza sahani yake ilikuwa na makaroni matano yamebaki pembeni. Nikayala jikoni nikiwa nimesimama. Sijui kama alishiba, au alikuwa ananiachia. Ndiyo shida ya uongo wa namna hii, ukishaingia nyumbani hata wema wa mtoto unautilia shaka.

Kwa hiyo mtaelewa kwa nini ule upawa wa Jumamosi ulinishika. Kima (neno ambalo ukimtamkia mtu wa bara anaweza kudhani unampikia nyani) haiombi mgawaji awe mwadilifu. Uadilifu umeshafanywa na mashine ya bucha. Nusu kilo ile ile ambayo ingetoa vipande vyenye majina, ikisagwa inaenea sufuria nzima, mpaka kwenye matundu ya makaroni. Hakuna cha baba. Na hakuna pa mama kujificha: akitaka kula, atakula nyama.

Najua kuna kinachopotea. Kipande cha bibi kilikuwa laini kwa sababu mtu aliyakumbuka meno yake. Firigisi ya baba, pamoja na dhuluma yake yote, ilikuwa pia ni njia ya kumwambia tumekuona umerudi. Upawa haukumbuki mtu. Ningekuwa na mgeni wa heshima sidhani ningempa makaroni ya sufuria moja, ningetafuta kuku, na ningegawa vipande, na huenda firigisi ingekwenda kule kule. Sijamaliza kubishana na nafsi yangu kuhusu hilo.

Niliwapakulia watoto, nikampakulia Mama. Akaitazama sahani. Akachukua kijiko, akaanza kutenga, nyama huku, makaroni kule, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Kima haitengeki, hasa ikishashikana na mchuzi. Baada ya muda akaacha, akaanza kula. Alikula yote.

Watoto walipokwenda kuangalia katuni nilimuuliza. Nilikuwa na miaka mingi ya kuuliza, likatoka kwa ukali kuliko nilivyotaka. "Mama, kwani kweli ulikuwa huipendi nyama?"

Akacheka kidogo. "Nani asiyependa nyama?"

"Sasa kwa nini ulitudanganya?"

"Ulikuwa na miaka saba, mwanangu. Ningekuambia naipenda, ungefanya nini? Ungenipa chako?"

Nikasema labda ningempa.

"Ndiyo hivyo. Na kila siku ungekaa unakitazama kile kipande kimoja, unawaza unipe au usinipe. Mtoto hali chakula hivyo."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu aliyejidhulumu, au kwa mtu aliyeona ni wajibu wake, si kwa hilo. Nilitaka kumwambia kuhusu kaka na shemeji, na kweli nikamwambia. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Wewe mlikuwa wasichana watatu, mkajua baadaye. Wale wavulana sikuwaambia. Nilisahau kuwaambia." Akarudia hilo la mwisho, kama mtu aliyekumbuka ameacha kitu jikoni motoni.

Sikumwambia kuhusu makaroni matano.

Nikainuka nikaosha vyombo. Chini ya sufuria kulikuwa kumeshika, maana katikati ya upishi nilikuwa nimeitwa mlangoni, moto ukazidi. Mama akaniambia nisiloweke. Akaivuta sufuria mapajani, akaanza kukwangua ukoko kwa kijiko, ule mwekundu mkavu wenye nyama na nyanya zilizoungulia. Nikamwambia aache, kuna chakula kizuri kimebaki, nimpashie. Akasema anaupenda ukoko. Nikasimama pale na sifongo mkononi, nikimtazama usoni, nikijaribu kujua.

Binti yangu alisikia kijiko kinakwangua akaja mbio. "Bibi, na mimi!"

Mama akaikumbatia sufuria. "Huu wangu," akasema. "Nenda kamwombe mama yako akupikie mwingine."