Hema Lipigwe Wapi?

Katika Kitabu cha Mwanzo imo habari ya watu wawili wa ukoo mmoja waliohama pamoja, kisha wakaachana njiani. Mmoja ni Abrahamu, ambaye siku zile aliitwa bado Abramu; mwingine ni Loti, mtoto wa ndugu yake. Mifugo yao ilikuwa imezidi hata nchi haikuwatosha, na wachungaji wao wakaanza kugombana juu ya malisho. Abrahamu hakutaka ugomvi katika ukoo. Ingawa ndiye mkubwa, alimwachia kijana achague upande autakao, naye mzee achukue ule uliobaki.

Loti alitazama, akaona bonde la Yordani lenye maji tele na majani mabichi. Akalichagua papo hapo. Maandiko hayasemi kwamba alimwuliza mkewe. Wala hayasemi kwamba alituma mtumishi atangulie kuona wenyeji wa bonde lile ni watu gani, jioni hufanya nini, na kama binti wa mgeni hupita salama njiani. Alitazama majani, na kwa majani hakukosea: yalikuwapo kweli.

Watu wengi hudhani kwamba Loti alichagua Sodoma. Sivyo. Alichagua malisho, na Sodoma ilikuja pamoja na malisho. Kwanza alipiga hema lake upande wa mji. Baadaye anaonekana akikaa ndani ya mji. Mwishoni malaika walipofika jioni walimkuta ameketi langoni, mahali wanapoketi wenyeji. Binti zake walikuwa wamekwisha kuposwa na vijana wa huko. Na usiku ule wa hatari, alipokwenda kuwaonya wakwe zake hao, walidhani anafanya mzaha. Hapo pana uchungu kuliko hata moto wenyewe: baba anasema kweli, lakini maneno yake hayana uzito mbele ya vijana wa nyumba yake, kwa kuwa mtaa umekwisha kuwalea mahali pake.

Jambo hili lawahusu wakatekumeni wa vijijini kuliko wanavyofikiri. Kila mwaka jamaa nyingi huacha mashamba na mitego ya samaki, huenda kutafuta riziki katika miji ya madini. Tangu mwaka 2015, Katanga ya zamani ilipogawanywa kuwa majimbo manne, mtu atokaye Bukama katika Haut-Lomami kwenda Kolwezi katika Lualaba ameingia jimbo jingine, lenye liwali wake na ofisi zake. Babu yake hakuwa na kazi ya kuchagua pa kukaa. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilitaka mfanyakazi akae kambini na mke na watoto. Kampuni ilimpa nyumba, na shule na dawa hazikuwa mbali. Kambi zile zilikuwa na ukali wake, wala si lazima kuzililia. Lakini leo mgeni huchagua mwenyewe, tena mara nyingi kwa siku moja, akiwa amechoka na safari na fedha yake ikipungua mkononi.

Katika mji huo wa Kolwezi upo mtaa uitwao Kasulo. Mwaka 2014 watu waligundua kwamba chini ya viwanja vyao yamo mawe ya kobalti. Habari ilienea upesi kama moto wa kiangazi. Watu wakachimba uani, wakachimba karibu na misingi ya kuta, wakachimba hata ndani ya nyumba, na mapango yakapita chini ya vitanda walimolala watoto. Wageni wakaja kwa wingi, maana majani yalikuwapo kweli, kama yale ya bonde la Yordani. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilitengwa kwa uchimbaji na kuzungushiwa ukuta, na wenyeji wa sehemu ile wakahamishwa. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza waliyoyaona. Walikuwa wamepima damu na mkojo wa watu wa Kasulo, na wa watu wa mtaa jirani usiochimbwa. Watu wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi mwilini, na tofauti hiyo ilionekana hasa kwa watoto. Mtoto hachimbi kama baba yake, lakini hucheza mavumbini, huketi mavumbini, hula kwa mikono ya mavumbi.

Je, basi Mkristo asihame? Mtakatifu Yosefu alihama, tena zaidi ya mara moja. Katika Injili ya Matayo, Herode alipokwisha kufa, malaika alimwamuru Yosefu kumchukua Mtoto na mama yake, watoke Misri warudi nchi ya Israeli. Malaika alitaja nchi, mtaa hakuutaja. Betlehemu ulikuwa mji wa ukoo wa Yosefu, na Yerusalemu yenye Hekalu ilikuwa karibu, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nani asingalitaka kumlea Mtoto huyu karibu na Hekalu? Lakini Yosefu aliuliza habari, akasikia kwamba Arkelao anatawala Yudea mahali pa baba yake. Arkelao huyo, kama anavyoandika Yosefu Flavio, mwandishi wa Wayahudi, alianza utawala wake kwa kuua watu kama 3,000 wakati wa Pasaka. Na Warumi wenyewe walimwondoa mwaka wa 6 baada ya Kristu. Yosefu akaogopa. Hofu yake haikulaumiwa. Alionywa katika ndoto, akageuka kwenda Galilea, akakaa Nazareti.

Galilea nayo haikuwa paradiso. Ilitawaliwa na Herode Antipa, ndiye yule aliyekuja kumkata kichwa Yohane Mbatizaji. Wala Nazareti haikuwa na sifa. Natanaeli alipoisikia alishangaa kwamba jambo jema litoke huko. Ng'ambo ya vilima, kama kilometa 6 tu, Antipa alikuwa akijenga upya mji wa Seforisi wenye kazi na fedha. Hata hivyo Injili yamweka Yosefu na watu wake Nazareti.

Palikuwa na nini Nazareti? Mtakatifu Luka hutuonyesha pasipo kusema wazi. Yezu alipokuwa na miaka 12, wazazi wake walitoka Yerusalemu baada ya sikukuu, wakaenda mwendo wa siku nzima bila kumwona, wala hawakufadhaika mpaka jioni, kwa kuwa walidhani yumo katika msafara pamoja na jamaa na watu wanaojuana nao. Wahubiri husema mengi juu ya kupotea kwake, na ni vema. Lakini siku ile moja ya utulivu nayo yafaa kutazamwa. Ni wazazi gani wawezao kutembea toka asubuhi hata jioni bila kumwona mtoto wao, wala wasipige kelele? Ni wale ambao majirani zao humhesabu mtoto wa mwenzao kama wao.

Na uchukuliwe mfano wa baba mmoja, mkatekumeni wa mwaka wa pili, wa kijiji cha kando ya mto upande wa Bukama. Jina lake si kitu. Nyavu zake zilikuwa zikipanda nyepesi kwa misimu miwili. Mdogo wake, anayekaa Kolwezi katika mtaa wa wachimbaji, akampigia simu: “Yaya, njoo na watu wako. Huku lupango moja lalisha watu kuliko mto mzima. Nyumba ipo, mtakaa kwangu.”

Baba akafurahi, akamwambia mkewe. Mke akauliza, “Baba watoto, maji huteka wapi?” Hakujua. “Na shule i umbali gani?” Hakujua. “Watoto wa shemeji wako darasa la ngapi?” Hilo nalo hakulijua, ingawa ni watoto wa mdogo wake. Mke akasema, “Basi utangulie peke yako ukaone. Wala usitazame mchana tu.”

Akaenda, na barua ya padri mfukoni. Mdogo wake alimpokea kwa heshima na kumchinjia kuku. Usiku mgeni alisikia mlio chini ya sakafu, kama mtu agongaye kinu mbali. Mdogo wake akacheka: “Ni majirani. Pango lao limefika chini ya nyumba yetu. Tumepatana, wananilipa.” Asubuhi, saa ya shule, mgeni aliketi mlangoni akahesabu watoto. Wachache walikwenda na madaftari; wengi walikwenda upande mwingine na mifuko mitupu. Adhuhuri aliwakuta wakiosha mawe katika kijito kile kile ambamo wanawake huteka maji. Aliomba kuona karatasi ya kiwanja, haikuwapo. Lakini lililomsumbua kuliko yote lilikuwa jambo dogo. Alimwuliza mdogo wake majina ya watu wa nyumba ya kushoto na ya kuume. Baada ya miaka mitatu mdogo wake hakuyajua. “Watu wa huku huja na kuondoka,” alisema. Ndipo baba akafikiri: mtoto akishikwa na homa usiku, nami nipo kazini, mama yake atabisha mlango gani?

Siku ya tatu alipeleka barua yake kwenye parokia. Hili wakatekumeni wasilipuuze, maana wengi huhama kimya, na miaka yao ya mafundisho hupotea kama mbegu iliyomwagika njiani. Katekista wa huko alimwonyesha mtaa mwingine, wa mbali. Baba aliutazama vile vile alivyoutazama ule wa kwanza: asubuhi, usiku, na Dominika. Kasoro aliziona. Chumba kilikuwa kidogo, bati lilivuja, na kwenda kazini mjini kulihitaji saa nzima kwa miguu. Lakini shule ilikuwa karibu hata kengele yake ilisikika. Kisimani bibi mmoja alimzuia mgeni, akamwuliza ametoka wapi na ni wa ukoo gani, bila haya hata kidogo. Na jioni mama mmoja alimkemea mtoto asiye wake aliyekuwa akirusha mawe. Mama mzazi akatoka ndani, naye badala ya kukasirika akamshukuru. Baba alipoona hayo, aliacha kutafuta.

Ilibaki kumwambia mdogo wake, na hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ngumu. “Yaya,” mdogo wake alisema, “ninayo nyumba, nawe wapanga chumba kwa mtu baki? Watu wa kwetu watasema nini?”

“Mdogo wangu, sikukatai wewe. Chakula chako nitakula, na ukiugua nitakuja kukulinda. Lakini siwezi kumlaza mtoto juu ya shimo.”

Mdogo wake hakujibu, wala hakumsindikiza kwenye lori. Asidhani mtu kwamba ni jambo jepesi. Wakristo wengi wamekubali mahali pabaya kwa kuogopa kumwudhi ndugu, na mwenye kuwacheka hajui uzito wa neno la ukoo. Abrahamu naye aliachana na Loti, lakini hakumsahau: wafalme walipomteka Loti na mali yake, mzee yule alichukua watu wake 318, akawafuata adui usiku mpaka akamrudisha.

Jamaa ile ikahamia Kolwezi mwisho wa kiangazi. Watoto wakaandikishwa. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali, pamoja na zile za Kanisa zilizopatana nayo, hazidai tena ada. Lakini mavazi na madaftari ni juu ya mzazi, na baba alifanya kibarua cha uashi ili kuyapata. Mshahara ulikuwa haba kuliko fedha ya mawe. Zilikuwako siku ambazo alirudi na mguu ulioumia, akaitazama sufuria, akalikumbuka lupango la mdogo wake. Mkewe aliliona hilo usoni pake, akanyamaza.

Noeli mdogo wake hakuja. Pasaka hakuja. Mvua zilipokwisha, jioni moja mlango ulibishwa. Alikuwa amesimama nje na watoto wake wawili wakubwa, na mzigo wa nguo umefungwa kwa kitenge. Mdogo wa hao wawili alikuwa akikohoa. Hakueleza neno lo lote juu ya nyumba wala juu ya pango. Alitazama chini, akauliza, “Yaya, shule ya huku yapokea bado?”

Mama wa nyumba alikuwa amekwisha kuanza kusogeza mikeka.