Kisu cha Babu na Hesabu ya Alfajiri

Kwa miaka minne sasa kuna hesabu moja ya pesa inanisumbua. Wala si pesa nyingi. Ni hesabu iliyopigwa mchangani, Bagamoyo, alfajiri, mbele ya mabaharia 17 waliolowa chapachapa, nami nikiwa pembeni na kijitabu changu naandika. Wao walikatwa. Mimi sikukatwa hata senti. Na kila nikiirudia hesabu ile naona jina langu lilipaswa kuwa la kwanza.

Ngoja nieleze ilivyokuwa.

Nilitumwa na gazeti nililokuwa nalifanyia kazi kuandika habari ya bei ya dagaa. Nikaona bei peke yake haina utamu, nikaomba nipande chombo nikaone dagaa wenyewe wanapatikanaje. Nahodha akakubali kwa sharti moja: nikitaka kutapika, nitapike upande ambao upepo hautawarudishia wenzangu.

Uvuvi wa dagaa wa baharini ni kazi ya usiku wa giza. Mwezi ukishakuwa mkubwa wavuvi wengi hulala kwao, maana taa haziwezi kushindana nao. Usiku wa giza taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, na wakishajaa chombo kinawazunguka huku wavu ukimwagwa: maboya juu, risasi chini, na pembeni mwa risasi zile kuna pete zilizopitishwa kamba. Kamba hiyo ikivutwa, wavu unajifunga chini kama mdomo wa mfuko. Ni kamba ndefu ajabu, na wakati wa kumwaga wavu inatoka kwa kasi, mzunguko baada ya mzunguko, katikati ya miguu ya watu.

Jirani na kamba hiyo alikaa mzee mmoja ambaye chombo kizima kilimwita Babu. Kiunoni alikuwa na kisu cha kukunja, kifupi, mpini wa mbao uliokwisha kuwa mweusi kwa jasho, kimefungwa kwa uzi kwenye mshipi wa kaptula. Nikamuuliza kwa nini asiwe na kisu cha ala, kinachochomoka mara moja bila kufunguliwa. Hakukataa kwamba kile ni chepesi zaidi. Akasema tu kwamba aliwahi kuona wimbi likimsukuma mtu juu ya kisu kirefu cha mwenzake, na tangu siku hiyo anataka makali yalale ndani ya mpini mpaka yaitwe. Ila kisu cha kukunja kina deni lake. Chumvi na mchanga huingia kwenye bawaba, na siku ukikihitaji kinagoma. Kwa hiyo kila jioni Babu alikiosha kwa maji baridi, akakitia tone la mafuta ya nazi, akakifungua na kukifunga mara kadhaa.

"Hiki hakikati samaki wala kitunguu," aliniambia. "Hiki ni cha kamba."

Pamoja na hayo, aliniazima. Nilikuwa na chungwa, sina cha kumenyea, nikaomba. Aliniangalia kidogo, kisha akakifungua kile kifundo cha uzi. Mimi mgeni, na mgeni hanyimwi kisu. "Menya unirudishie, mwanangu." Nikamenya, nikala, nikakifuta, nikakitia mfukoni pamoja na kalamu zangu. Kwa mazoea tu, kama unavyoondoka na kalamu ya mtu benki.

Saa kama nane za usiku wavu ukaanza kumwagwa. Kijana mmoja wa miaka 19 akarudi nyuma hatua moja kumpisha mwenzake, na mguu wake ukaingia kwenye mzunguko wa kamba. Mashine ilizimwa papo hapo, lakini chombo chenye mwendo hakisimami kama baiskeli, na wavu uliokwisha kuingia majini una uzito wake. Wenzake wawili wakamdaka kwapani, mguu tayari uko nje ya chombo. Babu akapeleka mkono kiunoni. Kisha akageuka kunitazama.

Nilitafuta mfuko wa kulia, kisu kilikuwa wa kushoto. Sekunde nane, labda tisa. Nikampa, akakifungua, akakata. Kamba ikapotea gizani, kijana akaangukia ndani.

Aliteguka na kuvunjika kifundo cha mguu, akakaa nchi kavu miezi mitatu. Kama mfupa ulivunjika kabla ya zile sekunde au ndani yake, hakuna awezaye kuniambia. Dagaa wote walitokea chini, maana kamba ya kukazia ndiyo iliyokatwa. Wavu ukasombwa na mkondo, ukanasa kwenye mwamba, ukachanika.

Alfajiri tajiri wa chombo akaja na simu yake, akafungua kikokotoo. Kwa chombo kile mapato hutolewa kwanza mafuta na chakula, kinachobaki nusu ya tajiri, nusu ya mabaharia. Usiku huo hakukuwa na cha kugawa, kulikuwa na shilingi 240,000 za kushona wavu. Tajiri akasema zitatoka kwenye nusu ya mabaharia, safari kwa safari, mpaka ziishe. Nahodha akasema si haki wote waumie, alipe kijana, kwa kuwa ndiye aliyekanyaga pasipokanyagwa. Babu, ambaye hakuwa mtu wa maneno, akasema kijana akilipa, basi kesho atakayenaswa atamwomba asikate.

Wakanyamaza. Ikapita hesabu ya tajiri.

Sasa swali langu. Kitu kikitolewa mhanga ili mtu aokoke, nani alipe?

Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alitumia mfano wa mabaharia wanaotupa shehena baharini wakati wa dhoruba. Anasema hakuna anayetupa mali kwa kupenda, lakini mwenye akili timamu atatupa ili yeye na wenzake wapone. Kitendo hicho kina sura mbili: umekichagua, na wakati huohuo umelazimika. Mfano huo unamtosha Babu. Mkono wake ulichagua. Ila Aristotle pale anashughulika na lawama, haniambii bili ya shehena inakwenda kwa nani.

Hilo wanalo wanasheria. Katika sheria za Kirumi zilizokusanywa wakati wa Mfalme Justinian, mwaka 533, imo kanuni inayohusishwa na kisiwa cha Rhodes: shehena ikitupwa ili kuokoa chombo, hasara inagawanywa kwa wote waliookokewa na mali. Kanuni hiyo haijafa. Meli ya Ever Given ilipokwama kwenye Mfereji wa Suez mwezi Machi 2021, mwenye meli aliitegemea kanuni hii hii kuwataka wenye mizigo wachangie gharama za kuinasua.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi, nikadhani nimempata tajiri. Haikuwa hivyo. Usiku ule chombo hakikuwa hatarini. Mali ya tajiri haikuokolewa, iliharibiwa. Kilichookolewa ni mguu wa mtu, pengine na roho yake, na kanuni ya Rhodes inapima mali kwa mali. Ukiifuata neno kwa neno, tajiri haokolewi chochote, basi halipi chochote. Na alikuwa na hoja nyingine nzito: "Mkizoea kukata, mimi nitabaki na matambara." Wavu ni mtaji wa miaka. Siwezi kumcheka mtu anayeogopa wepesi wa kisu kinachokata mali yake.

Lakini nadhani sote tulikuwa tunaanzia mahali pasipo sahihi. Tulianzia kamba ilipokatwa, wakati kisu kile kilianza kufanya kazi jioni, kilipotiwa mafuta ya nazi. Watu 17 walisimama katikati ya ile kamba bila hofu kwa sababu walijua kiuno cha Babu kina nini. Wangeweza kunaswa wowote. Na tajiri, aliyelala kwake, alikitegemea kisu hicho kuliko wote, maana bila kukatwa kamba siku ya shida hapati baharia wa pili wa kupanda chombo chake. Aliyekubali faida ya kisu siku zote ambazo hakikukata, amekubali pia hasara ya siku moja kilipokata. Kwa hiyo wote walipe, tajiri akiwemo. Na hofu ya matambara ina dawa yake humohumo: ikiwa kila anayekata naye atalipa fungu lake, hakuna atakayekata kwa mchezo.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Pale mchangani niliona kinyume chake. Mwenye kisu alikatwa pamoja na wengine, na asiye nacho, aliyekitumia kumenyea chungwa, akarudi Dar es Salaam na habari ya bei ya dagaa. Habari ilitoka vizuri. Kisu hakikuwemo, wala mguu, wala zile sekunde. Nilijiambia kwamba mhariri alitaka bei. Kweli alitaka bei. Ila hakunikataza mengine.

Mwaka jana nilimfuata Babu nyumbani. Ameacha bahari, macho yamechoka. Nikamwambia lile kosa lilikuwa langu, nilipaswa kukirudisha.

"Aa, langu," akasema. "Uzi niliufungua mwenyewe. Ningekwambia menya kwa meno."

Hapo sikubaliani naye, ingawa ni mzee wangu. Kuazima kitu ambacho wengine wanakitegemea ni kuuchukua mzigo wao pamoja na kitu chenyewe, hata ukiwa hujui uzito wake. Ugeni hauufuti. Ndiyo maana ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: kuna saa ugeni unakwisha, na kwangu ulikwisha pale nilipokipokea kisu.

Usiku huo nikapiga hesabu yangu. 240,000 gawanya kwa 19: mabaharia 17, tajiri, na mimi. Inakuja shilingi 12,600 na ushee kila mmoja. Kitabu kipya dukani huweza kunigharimu zaidi. Nilimtumia yule kijana kwa simu, nikaandika ni fungu langu la wavu. Akajibu baada ya siku mbili: "Asante kaka. Wavu upi?"

Nimemwandikia upya, safari hii kwa urefu, na ile habari ya chungwa nimeiweka mwanzoni.